Cheti cha miezi sita hakikupi ruhusa ya kutoa dawa

SWALI: Daktari, nilipata C katika KCSE, Kemia na Baiolojia zikiwa C+. Chuo kimoja hapa mjini kinafunza wasaidizi wa famasia kwa miezi sita na kinaahidi kwamba kemisti yoyote itaniajiri. Shangazi yangu ana kemisti na yuko tayari kunichukua. Nijiunge? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usilipe hata shilingi moja, dada. Chini ya Sura ya 244 ya sheria za Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu husajili makundi mawili: wafamasia wenye digrii na wanateknolojia wa famasia wenye diploma. Mwenye cheti cha miezi sita hayumo. Na cha kusikitisha ni kwamba kwa alama hizo unaweza kuomba diploma ya miaka 3, KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) au chuo kingine kilichoidhinishwa. Ulizia tu wanachotaka katika lugha na Hisabati. Kabla ya kulipa karo popote, hakikisha jina la chuo limo kwenye orodha ya Bodi, iwe mtandaoni au ofisini kwao Lenana Road.

Linalonichosha ni hii imani kwamba kujua dawa ni kujua majina, bei na rafu. Chukua dawa ya maji ya paracetamol, ile ambayo kila mzazi huiona nyepesi. Kuna chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na nyingine yenye 250. Mtoto wa kilo 10 hapaswi kuzidi takriban miligramu 150 kwa mara moja. Mwambie mamake "kijiko kimoja", yaani mililita 5, bila kusoma lebo, na kwa chupa ya pili atakuwa amempa 250. Akirudia hivyo mchana na usiku kwa siku kadhaa, ini la mtoto linaumia. Na hiyo ni paracetamol! Sijagusa dawa za presha, za kisukari wala antibiotiki zinazouzwa vidonge vinne vinne kwa sababu mteja ana shilingi hamsini.

Kama shangazi ana leseni, msaidie kupanga rafu na kuhesabu stoki. Dawa azitoe mwenyewe.

Lakini mji huu umejaa kemisti ambazo leseni imekodishwa: mwenye jina haonekani dukani, na kaunta ameachiwa kijana aliyetapeliwa na vyuo kama hicho chako. Msako ukija, anayekamatwa ni huyo kijana, kwa kuwa kutoa dawa bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Waliokula karo yake hawatafika mahakamani kumtetea. Nanyi wateja, tazameni ukutani. Leseni ya mwaka huu inapaswa kubandikwa mahali pa wazi. Ulizeni mwenye jina hilo yuko wapi, na kama hayupo, msinunue.