Swali la lugha: Halloween tuiite Sikukuu ya Mashetani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shule anayosoma mwanangu imetuma meseji kwamba Oktoba 31 watoto waje wamevaa nguo za kutisha, eti ni Halloween. Kwenye grupu la wazazi moto umewaka, mmoja kasema hiyo ni Sikukuu ya Mashetani, mwingine kasema Siku ya Mizimu. Kiswahili chake hasa ni kipi?

JIBU: Marahaba dada. Hilo la mashetani nalisikia kila mwaka, na kiukweli jina lenyewe halimtaji shetani hata kidogo. Lipasue utapata "hallow", Kiingereza cha zamani cha mtakatifu, na "een", jioni kwa matamshi ya Waskoti. Jioni ya watakatifu, basi. Novemba mosi Wakatoliki wana Watakatifu Wote, tarehe iliyoenezwa kwenye himaya ya Wafranki mwaka 835 enzi za Papa Gregory IV, na kesho yake Novemba 2 wanawakumbuka Marehemu Wote.

Na hapa Kiswahili kimekaa vizuri kweli maana sisi tuna "usiku wa kuamkia". Mzee wa pwani ukimwambia usiku wa Ijumaa anajua unaongelea Alhamisi jua likishazama, siku inaanza magharibi, na kanisani nako sikukuu kubwa zinaanza jioni iliyotangulia, kwa hiyo Oktoba 31 ni Mkesha wa Watakatifu Wote. Mkesha kama ule wa Krismasi au wa Mwenge, tofauti ni kwamba huku wanaokesha ni watoto wanaopita mlango kwa mlango na mifuko yao wakiomba pipi.

Sasa vitisho vilitoka wapi? Ireland na Scotland usiku huohuo kulikuwa na sikukuu ya kale, Samhain (tamka "sauwin", herufi nyingine ziko pale kwa urembo), mavuno yameisha, ng'ombe wamerudishwa toka malishoni, baridi inaingia, na watu waliamini usiku ule walio hai na wafu wanakuwa majirani, ndo wakawa wanawasha mioto mikubwa vilimani na kuvaa sura za bandia ili wasitambulike. Njaa ya viazi iliyoanza 1845 ikawasukuma Waayalandi kwa malaki kwenda Marekani na mila zao kwenye mizigo. Kwao walikuwa wanachonga tanipu, mzizi mgumu kama figili iliyonenepa, kuutoboa macho ni kazi ya kuchubua vidole. Marekani wakakuta boga, unakata kofia, unakomba mbegu kwa kijiko, unatoboa macho na meno, unatia mshumaa, kwisha. Huku kwetu boga linaungwa nazi likawa futari, bibi yangu angekuta limechongwa likaachwa barazani lioze angeuliza kwanza nani kamkasirisha mpishi.

Kuna na hadithi yao ya Jack, mlevi bahili aliyemtapeli shetani, alipokufa peponi wakamkataa na motoni wakamkataa, anatangatanga gizani na kaa la moto ndani ya tanipu. Ndo hapo shetani anapotokea, na katokea kama aliyetapeliwa!

Haya, "Siku ya Mizimu". Hapa mzazi mwenzio kakaribia lakini kakosea mlango. Mzimu, kuzimu na zimwi ni ndugu wa shina moja, ila mzimu ni roho ya wahenga, una watu wake na mahali pake, unatambikiwa, mizimu ikikasirika mvua inagoma. Huwezi kumvika mtoto shuka jeupe lenye matundu mawili ukasema huyu mzimu. Huyo ni mzuka, kitu kilichozuka tu ghafla mbele yako ukakimbia bila viatu. Pepo naye ni mwingine, ni ndugu wa upepo, anampanda mtu kichwani na anapungwa kwa ngoma. Vijana wa Dar wao wameshaugeuza mzuka kuwa furaha, "nina mzuka leo" maana yake nimechangamka, kwa hiyo ukiniambia "Usiku wa Mizuka" kwa sherehe ya shuleni mi nakubali, inabeba yote mawili. Kwenye mambo ya ibada andika Mkesha wa Watakatifu Wote. Na ukiandika Halloween hivyohivyo hakuna atakayekufunga.

Najua swali linalofuata, ule msemo wa "trick or treat" watoto wanaoupigia kelele mlangoni, wa kutaka kitu kitamu la sivyo wakufanyie utundu. Nimeona "hila au zawadi", Kiswahili cha kamusi hicho, mtoto gani anasema hila? Sisi mtu akikusumbua makusudi tunasema anakufanyia visa. Kwa hiyo "Pipi au visa!" Fupi, inaimbika, na inatishia kidogo. Shida yake moja tu, kama mwanao ataenda kugonga nyumba ya Mmarekani pale mtaani, yule mama atamwambia arudi Jumatatu ubalozini na pasipoti.