Mtoto haibwi usiku mmoja

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza gaidi huwa na nini kichwani, na kama yule kijana wa Garissa alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwenye kusomea saikolojia ni wewe. Ninachojua ni kwamba alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na Aprili 2015 yeye na wenzake wa kundi la al-Shabaab waliwavamia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakauawa watu 148. Baba yake, chifu kule Mandera, alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe haonekani.

Mimi namuwaza huyo baba. Mtoto haibwi usiku mmoja, Rehema. Yule kijana wa jirani yetu Mama Zuhura, mdogo wa Zuhura, alianza kwa kuacha mpira, kisha akaacha kuswali nyuma ya baba yake, anasema imamu wetu mnafiki. Halafu ikaja simu mpya, na habari za kazi isiyotajwa. Alipotoweka nilimsindikiza Mama Zuhura kituoni. Alishika picha ya pasipoti ya mwanawe mpaka ikajikunja kwa jasho. Askari akamwambia mbele ya watu, "Umelea gaidi, sasa waja kulia hapa?" Wakamsimamisha hadi magharibi. Tangu siku hiyo hakuna mama wa mtaa wetu aliyekwenda kuripoti mtoto. Hasira ile bado ninayo, wallahi.

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, UNDP, ulitoa utafiti wa waliojiunga kwa hiari na makundi haya ya itikadi kali Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Nayaamini hayo.

Ila kaka wa tumbo moja wa huyo kijana wa Mama Zuhura aliyaona yayo hayo, na leo anauza vitunguu soko la Kongowea. Kwa hiyo dhuluma peke yake haitoshi. Wala isiwe kisingizio: wale wasichana wa Garissa walimdhulumu nani? Kati ya uchungu na bunduki kuna mtu aliyekaa na kijana miezi mingi, akimsikiliza. Haibwi usiku mmoja. Mtafute huyo msikilizaji, mwanangu, ndiye wa kusomwa.

Juzi Mama Zuhura kaniuliza, mwanawe akirudi nitasimama naye? Ulimi ulitaka kusema hapana. Nikamwambia kwanza tujue kafanya nini huko.

Mama yako