Popo hatimuliwi ili apigwe picha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Mikindani, nina kamera ya zamani ya kubadilisha lenzi na flashi mbili. Natafuta picha ya popo akiruka, lakini kila nikipiga napata doa jeusi lenye ukungu. Muuza kamera kaniambia ninunue yenye shata ya 1/8000, yaani inayofunguka kwa sehemu moja ya elfu nane ya sekunde. Rafiki yangu yeye anasema twende pangoni mchana, mmoja agonge debe au awashe moshi, wakitoka nipige. Eti popo ni kipofu, flashi haimsumbui. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja.

Muuza kamera nimmalize haraka. Usiku, kinachomgandisha popo hewani ni flashi. Ikiwaka kwa nguvu zote mwanga wake hukaa muda wa kutosha bawa kuvutika. Ukiipunguza hadi 1/16 au 1/32 ya nguvu zake huwaka kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, au chini yake, na bawa linasimama. Shata iache 1/200, tundu la lenzi f/8 au f/11, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 400 hadi 800. Kwa kuwa nguvu umeipunguza, flashi zisogeze hadi mita moja hivi kutoka mahali popo atakapopita. Hiyo 1/8000 flashi huifikia kwa kumeta mfululizo, na nguvu ya mwanga wake hupungua sana. Fedha yako kaa nayo.

Sasa rafiki yako. Maneno yake naletewa na watu wa Mtwara, Lindi na Kilwa, na bado yananiuma. Popo wa matunda ana macho makubwa yanayoona gizani kuliko yako, na wengi wa jamii hiyo hawatumii mwangwi wa sauti yao kabisa kujiongoza. Hata wale wadogo wala wadudu, wanaotegemea mwangwi, si vipofu. Flashi ikipigwa mfululizo mahali wanapolala, wanaiona vizuri sana.

Na ukishawatimua unapata nini? Popo aliyekurupushwa huja kama kokoto iliyorushwa, hana ua wala tunda mdomoni, kundi zima limebanana mlangoni mwa pango. Picha hiyo haielezi lolote ila hofu. Jike wa popo kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, na wakati wa kunyonyesha mtoto hubebwa kifuani au huachwa amening'inia. Kundi likilipuka kwa moshi, vitoto huanguka. Nimeviona chini ya mwembe asubuhi, baada ya watu kurusha mawe jana yake, vikiwa bado vinahema.

Mfuate popo anakokula. Hapo Mikindani una mibuyu. Mvua zinapokaribia ua la mbuyu hufunguka jioni, likining'inia kwa kikonyo kirefu, na kesho yake linaanguka. Usiku huo mmoja popo hulirudia mara nyingi kutafuta nekta. Chagua ua lililo chini, weka fokasi kwa mkono wakati bado unaona, funga kamera kwenye stendi, kaa mbali na kifyatulio cha waya. Ukiweza kupata kifaa cha miale isiyoonekana, kile cha kengele za wezi, popo akikata mstari kamera inajipiga yenyewe. Tochi yako iwe nyekundu. Piga chache kisha uondoke. Msimu wa korosho mabibo nayo huwaita, na yule popo wa matunda dume mwenye mashada meupe mabegani utamsikia analia juu ya mwembe kabla hujamwona.

Mapangoni, yakiwemo yale ya Matumbi kule Kilwa, msiingie kutafuta picha. Popo wa matunda wa Misri, alalaye mapangoni, hubeba virusi vya Marburg, vinavyomletea binadamu homa kali inayoua, bila yeye mwenyewe kuugua. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango la popo kwenye msitu wa Maramagambo, Uganda, na huku kwetu Kagera ulizuka mwaka 2023 na tena 2025. Vumbi la kinyesi chao nalo hubeba kuvu inayoshambulia mapafu, na moshi na madebe ndivyo hasa vinavyolitimua.

Kuna pia wanaomnasa popo kwa wavu na kumshika mabawa ili waonyeshe sura yake. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Akikung'ata au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kidonda kivimbe, na usipake dawa ya mtu anayekuambia popo hana madhara.