Kwa nini kitanzi changu cha OCaml hakikomi?

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kuizoea Python, nimeanza kujifunza lugha ya programu ya OCaml. Nilitaka kuchapa namba zishuke kutoka 9 hadi 0, nikaandika hivi:

let n = 10 in
while n > 0 do
  let n = n - 1 in
  print_int n
done

Kompyuta ilichapa 9, kisha ikaendelea na 9 hiyo hiyo mpaka nikaizima programu. Je, lugha za kifanksheni (zinazojengwa juu ya fanksheni, kama OCaml) hazikubali while, yaani kitanzi cha kurudia amri? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, OCaml, lugha iliyozaliwa katika taasisi ya utafiti ya INRIA huko Ufaransa, ina while, tofauti na Haskell ambayo haina amri hiyo kabisa. Kosa lako limo katika let. Ulipoandika let n = n - 1, hukuipunguza n ya kwanza, bali uliunda n nyingine yenye jina lile lile, ambayo huishi ndani ya mzunguko mmoja na kutoweka mzunguko huo unapokwisha. While ikirudi juu, huiangalia n ya nje, nayo ingali 10.

Ukitaka kubaki na while, thamani iweke ndani ya kisanduku (ref) kinachoweza kubadilishwa kwa alama :=, hivi:

let n = ref 10 in
while !n > 0 do
  n := !n - 1;
  print_int !n
done

Angalia sana alama ya mshangao: katika Java hukanusha, lakini hapa maana yake ni kuchukua kilichomo kisandukuni. Wanaotoka lugha nyingine wengi hujikwaa hapo.

Hata hivyo, ningependa uzoee njia ya pili, yaani fanksheni inayojiita yenyewe:

let rec shuka n =
  if n > 0 then begin
    print_int (n - 1);
    shuka (n - 1)
  end

Hapa hakuna kinachobadilishwa, kwa kuwa kila mwito hupokea n yake. Tena, kwa sababu kujiita ndilo jambo la mwisho fanksheni inalofanya, OCaml haina haja ya kukumbuka ilikotoka, hivyo hata ukianza na 10,000,000 kumbukumbu haitajaa. Mambo hubadilika ukiandika fanksheni jumla, ya kujumlisha namba kutoka 1 hadi n, kwa n + jumla (n - 1), maana kila mwito hubaki ukisubiri jibu la mwito unaofuata ndipo ujumlishe, na miito inayosubiri huzidi kurundikana. Dawa yake ni kuibeba jumla iliyokwisha kupatikana kama hoja ya pili:

let rec jumla n hadi_sasa =
  if n = 0 then hadi_sasa
  else jumla (n - 1) (hadi_sasa + n)

Ukiita jumla 10 0 utapata 55. While isingeweza kukurudishia 55 hiyo yenyewe, kwa sababu katika OCaml kitanzi hicho hurudisha () tu, yaani thamani isiyobeba chochote, na jibu lolote unalolitaka ni lazima ulitafute ndani ya kisanduku.