Halloween: ibada ya shetani au mkesha wa Watakatifu?

Kila ifikapo Oktoba, sisi Watanzania tunaoishi Marekani huulizwa swali lilelile kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: "Ni kweli huko Marekani tarehe 31 watu wanaabudu shetani, na nyinyi mnawaachia watoto watoke usiku?" Picha zinazoletwa na swali hilo zinatisha kweli. Mafuvu yametundikwa uzioni, makaburi ya plastiki yamejaa bustanini, mtoto wa miaka 5 amepakwa damu bandia. Mama mdogo au mjomba anayeuliza ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu kamili.

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kwenda mlango kwa mlango wakiomba pipi, na maboga yaliyochongwa huwekwa taa ndani. Jina lenyewe ni la kanisani. Halloween ni ufupisho wa Kiingereza cha zamani wenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, kama tunavyosema mkesha wa Krismasi. Sikukuu yenyewe ni tarehe 1 Novemba, ileile wanayoiadhimisha Wakatoliki na Waanglikana huko nyumbani, na tarehe 2 ni ya kuwaombea marehemu wote. Aliyekwenda misa ya Watakatifu Wote Moshi au Bukoba ameadhimisha siku iliyozaa jina hilo.

Tarehe haikuwa hiyo tangu mwanzo. Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la kale la Pantheon, Roma, kwa Bikira Maria na mashahidi wote tarehe 13 Mei, mwaka 609 au 610. Ni mwaka 835, enzi ya Papa Gregori IV, ndipo tarehe 1 Novemba ilipoagizwa kushikwa katika himaya yote ya Wafaranki, waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Waorthodoksi mpaka leo huwakumbuka watakatifu wote Jumapili ya kwanza baada ya Pentekoste, kwa hiyo hawana mkesha huo Oktoba.

Sasa upande wa upagani, maana upo. Watu wa Ayalandi na Uskoti walikuwa na msimu uitwao Samhain, hutamkwa karibu na "sau-win". Mavuno yameisha, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya kiangazi, wasioweza kulishwa wakati wa baridi wanachinjwa, mioto mikubwa inawashwa. Watu waliamini kwamba usiku huo viumbe wa ulimwengu usioonekana hupita karibu. Lakini haya yote tunayasoma katika maandishi ya Wakristo, yaliyoandikwa karne nyingi baada ya dini ya zamani kufifia. Hapo ndipo uongo ulipopata nafasi. Video nyingi zinazosambazwa huko nyumbani husema Samhain alikuwa mungu wa kifo. Kosa hilo lilienezwa karne ya 18 na Charles Vallancey, mwanajeshi Mwingereza aliyependa mambo ya kale. Samhain ni jina la msimu, na kwa Kiayalandi cha leo ndilo jina la mwezi Novemba. Wengine husema makuhani wa kale walichonga maboga kwa ajili ya kafara. Maboga asili yake ni Amerika. Ulaya haikuyajua kabla ya safari za Columbus. Waayalandi walichonga tanipu, mzizi wa jamii ya figili, na waliohamia Marekani wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852 na baadaye walikuta boga ni kubwa zaidi na rahisi kuchonga.

Kwenda mlango kwa mlango nako kuna mizizi ya kidini. Uingereza ya zamani, maskini walizunguka siku hizo wakiomba vikeki vya marehemu, nao wakaahidi kuziombea roho za wafu wa nyumba ile. Waprotestanti walipoikataa toharani, yaani mahali pa roho kutakaswa baada ya kufa, sala ilififia, vikeki vikabaki. Mtindo wa watoto kudai pipi la sivyo wafanye utundu unaonekana magazetini Kanada mwaka 1917. Ulishika kasi Marekani baada ya mgawo wa sukari wa wakati wa vita kumalizika mwaka 1947.

Tusifiche lingine. Wapo wanaoufanya usiku huo kuwa ibada: wafuasi wa Wicca, dini mpya ya kipagani, huadhimisha Samhain, na kanisa la shetani alilolianzisha Anton LaVey San Francisco mwaka 1966 huihesabu Halloween kati ya siku zake. Hao walikuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya mkesha. Mtoto anayebisha hodi akiwa amevaa kama simba hashiriki ibada yao. Karamu za watu wazima zenye kuita mizimu mezani ni jambo jingine. Hizo ziacheni kabisa.

Wahamiaji hawafanani katika hili. Waislamu wengi na Mashahidi wa Yehova hawashiriki. Walutheri wengine huikumbuka tarehe hiyohiyo kama siku ya Matengenezo ya Kanisa, kwa sababu ya hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517, kama KKKT huko Tanzania. Makanisa mengi hukusanya magari kwenye maegesho yao, buti zikafunguliwa na watoto wakapewa pipi hapo, bila mavazi ya kutisha.

Usiyetaka, zima taa ya barazani kuanzia saa 11 jioni. Taa inayowaka ndiyo ishara ya kukaribisha. Ukiisahau utagongewa mpaka saa 3 usiku, na kumfukuza mtoto wa jirani kunaumiza ujirani bure. Shuleni, mwandikie mwalimu wiki mbili kabla, useme mtoto hatashiriki maandamano ya mavazi na uombe apewe kazi nyingine. Kosa kubwa ni kumwambia mtoto asubuhi ileile, wenzake wakiwa tayari wamevaa.

Anayemruhusu ajue kwamba hatari kubwa ni magari. Jua linatua mapema, mtoto amevaa nguo nyeusi, kinyago kimemziba macho, kanzu inamkwaza. Mpake rangi usoni badala ya kinyago, pindo lisiguse viatu, bandika utepe unaong'aa mgongoni, sweta ivaliwe chini ya vazi. Hofu ya pipi zenye sumu kutoka kwa wageni imekuzwa mno: mtoto aliyekufa Texas mwaka 1974 aliwekewa sianidi na baba yake mzazi, aliyetaka fedha za bima. Hata hivyo zikagueni, mtupe zilizofunguka. Zile laini za kutafunwa mara nyingi zina jelatini ya nguruwe, na chokoleti nyingi zina karanga. Boga la rangi ya samawati-kijani mlangoni maana yake kuna zawadi zisizo chakula, kwa watoto wenye mzio.

Boga lichongwe siku mbili tatu tu kabla, maana huoza upesi. Kata kifuniko kwa mshazari kuelekea ndani, kisitumbukie. Komba nyama mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2.5, uweke taa ya betri badala ya mshumaa. Mbegu zioshwe, zikauke, zikaangwe kwa chumvi.

Na kwa Wakatoliki wanaouliza kama marehemu wetu wanakumbukwa huku: parokia nyingi huweka daftari au bahasha za majina ya marehemu kuelekea tarehe 2 Novemba, na huwaombea mwezi mzima. Tutumieni majina mapema, yakiwa na tahajia sahihi, maana anayeyasoma madhabahuni hajui Kiswahili.