Kuhamishia mbele ya pikipiki ya kisasa kwenye pikipiki ya zamani: vipimo kabla ya spana

Mkuu, umeuliza kama shokapu, rimu ya inchi 17 na diski mbili za pikipiki ya michezo zitakaa kwenye pikipiki yako ya zamani yenye rimu ya inchi 19 na diski moja. Zitakaa. Karibu kila mbele hukaa, kwa kuwa kinachoiunganisha na fremu ni beringi za shingo tu (shingo ni bomba la fremu ambamo usukani huzunguka). Kazi ni kuhakikisha pikipiki inaelekezeka na kusimama vizuri baada ya hapo.

Beringi ni sehemu rahisi. Chukua venia (kipimio cha unene na kipenyo), pima unene wa shina la usukani jipya, yaani mhimili unaopita shingoni, na kipenyo cha ndani cha shingo ya fremu, kisha tafuta beringi za roli ambazo tundu lake linaingia shina na ukingo wake wa nje unakaa shingoni. Shina likiwa fupi, ling'olewe kwa presi na la zamani liingizwe kwenye bamba jipya la chini (mabamba mawili, la juu na la chini, ndiyo yanayoshika shokapu) kwa bushi iliyokerezwa. Usikubali lichomelewe: shina ni chuma, na bamba mara nyingi ni alumini.

Sasa penye uzito. Mstari wa shingo ukiuendeleza hadi ardhini, unagusa mbele ya pale tairi linapogusa. Umbali huo ni treili, na ndio unaofanya usukani utulie. Unaupata hivi: nusu kipenyo cha tairi mara sine ya mlalo wa shingo (nyuzi ilizolala kutoka wima), toa ofseti (umbali kati ya mstari wa shina na mstari wa shokapu), gawa kwa kosine ya mlalo huohuo. Shingo ya nyuzi 27, tairi la inchi 19 lenye nusu kipenyo cha mm 330 na ofseti ya mm 60 hutoa treili ya kama mm 101. Rimu ya inchi 17 ina nusu kipenyo cha kama mm 300, kwa hiyo hata kwa shokapu zenye urefu uleule mbele inashuka mm 30, na shingo inasimama zaidi kwa nyuzi 1 na kidogo. Ukibakiza mabamba ya zamani yenye ofseti ya mm 60, treili inaanguka hadi kama 78, na usukani utatapatapa kwenye mwendo. Mabamba ya mm 30 yanakupa kama 112. Ya mm 40, kama 101, yaani palepale ulipoanzia. Shokapu zikiwa fupi kwa mm 25 zaidi, treili inapungua kama mm 6 nyingine. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, na ununue kila kitu kutoka pikipiki moja: mabamba, shokapu, ekseli, spesa, rimu, diski, kalipa. Spesa moja ikikosekana, kalipa na diski haviwi mstari mmoja.

Viringisha mirija ya shokapu juu ya kioo bapa. Uliopinda utaonyesha mwanga chini yake. Penye vishimo vya kutu pale sili inapopita, sili mpya haitadumu. Kisha funga mbele bila springi na uibonyeze hadi mwisho: tairi lisiguse bamba la chini, bomba la moshi wala rejeta. Geuza usukani pande zote mbili. Vizuizi vya bamba jipya mara nyingi havikutani na vya fremu yako, na shokapu zitapiga tangi. Tengeneza vizuizi kabla ya kuwasha injini.

Masta ya breki (pampu iliyo kwenye mkono wa breki) ya diski moja mara nyingi ina pistoni ya kipenyo cha mm 12.7, yaani eneo la kama mm² 127. Ikilazimika kusukuma kalipa mbili za pistoni nne, mkono wa breki utafika kwenye usukani kabla pedi hazijabana. Masta ya mm 15.9 ina kama mm² 198. Ya mm 14 iko katikati, na kwa matumizi ya barabarani ndiyo ningeanza nayo, maana mkono haugeuki gogo. Angalia uzi wa bolti ya mpira wa breki: bolti ya mm 10 hupatikana kwa uzi wa hatua ya mm 1.25 na wa mm 1.0. Bolti isiyolingana huanza kuingia kidogo kisha hukwama; ukilazimisha umeua kalipa. Weka washa mpya za shaba na mafuta ya breki ya DOT 4.

Mwisho kabisa ekseli. Kaza nati yake, acha bolti za kubana miguu ya shokapu zikiwa legevu, shika breki na ubonyeze mbele mara tano au sita mpaka mguu ujitafutie nafasi kwenye ekseli. Hapo ndipo unabana bolti hizo. Ukizibana mapema, shokapu mbili zinavutana, zinakuwa ngumu mwanzoni mwa kubonyea, na utabadilisha mafuta na springi bure ukidhani ndizo zenye kosa.