Kwa walimu wapya wa Kiingereza: penseli, kibao na swali la binti mmoja

Wadogo zangu mliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, jana nimeona mezani daftari la Kidato cha Kwanza lililosahihishwa na mmoja wenu, nalo lilikuwa jekundu kuanzia tarehe hadi nukta ya mwisho. Nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu nilifundishwa na mwalimu ambaye hakufanya hivyo hata siku moja, na bado mimi mwenyewe nikaja kukosea vibaya kuliko ninyi.

Kwanza, sahihisheni aina moja ya kosa kwa wakati mmoja. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa kidato cha tano alitumia penseli. Tukiwa kwenye nyakati, alizungushia vitenzi peke yake, kisha pembeni akaandika swali kuhusu habari yenyewe. Nilipoandika juu ya kisima cha kijijini kwetu, aliniuliza maji yake yalikuwa na ladha gani, nami nikamjibu kwa kurasa mbili ambazo hakuniagiza.

Pili, andalio la somo likamilike kabla ya kengele.

Tatu ni kibao. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichonga kibao, nikakitia kamba, na yeyote aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni. Watoto wale walikuwa wamesoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla karibu kila somo likawa kwa Kiingereza. Binti mmoja wa dawati la mbele, mwepesi wa kunyoosha mkono kuliko wote, aliniuliza kwa Kiswahili kwa nini “go” ikienda wakati uliopita inageuka “went”. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula ule, nami nikamvika kibao. Hakunyoosha mkono tena. Nikimwita alisimama, akaviringisha ncha ya tai yake, akanyamaza. Kwenye ripoti yake nikaandika kwamba ni mtulivu. Mwisho wa mwaka, nikikusanya madaftari, nilikuta kwenye ukurasa wake wa nyuma: “Why go become went?” Chini yake alikuwa ameacha mistari miwili mitupu ya jibu. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, nikazungushia “become”, nikafunga daftari. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipotambua nilichokifanya, na shule ilikuwa imefungwa.

Mwalimu wangu alituruhusu tuseme kwanza kwa Kiswahili, halafu akasema, “Sasa tuivushe,” na darasa zima likaipigia kasia sentensi ile, neno kwa neno, mpaka ikafika ng’ambo. Kibao nilikichoma likizo ileile.

Nne, wasomeeni kwa sauti dakika 10 kila wiki.

Kesho nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80, Kidato cha Kwanza. Njooni mkae nyuma. Penseli zimo kwenye droo yangu.